Kabla Hujaenda Mjini Kutafuta Skrini Nyingine

Mwanangu, wewe uliyepanga chumba Kangemi, Kawangware, Uthiru au Kinoo, unayenukuu sauti za watu wa mbali, unayesoma chuo kwa mtandao, unayechora ramani za nyumba mpaka usiku wa manane: skrini yako imezima, na mkononi una shilingi 10,000 ambazo hukuzipata kwa urahisi. Nimewaona wengi kabla yako wakitoka mbio asubuhi kwenda mjini Nairobi na pesa kama hizo, na jioni wakarudi na kitu ambacho macho yao yalikikataa kabla ya mwezi kwisha. Nimewaambia wakubwa zako, nimewaambia wa rika lako, na kusema kumenichosha. Lakini wewe hujanisikia bado. Basi keti nikwambie taratibu.

Skrini si pambo la meza. Utaitazama kwa saa 8 au 10 kila siku, kwa miaka. Kompyuta ikiwa nzito utasubiri kidogo, mambo yataendelea. Skrini ikiwa mbaya utaumwa na kichwa, shingo itakaza, na kazi ya saa mbili itakula saa tatu kwa sababu kila mstari unausoma mara mbili. Kwa hiyo ninachokuomba ni hiki: usinunue upana, wala wembamba, wala kung'aa. Nunua maandishi yanayosomeka bila kukaza macho, kwenye kifaa ulichokiona kikiwaka kwa kompyuta yako mwenyewe, kutoka kwa mtu mwenye mlango utakaoukuta pale pale ukirudi.

Na kabla hata ya kupanda matatu, hakikisha hiyo ya zamani imekufa kweli. Vijana hawapendi kusikia hili kwa sababu moyo umeshafika dukani. Chomoa waya wa umeme ujaribu mwingine. Zile nyaya za kawaida za kompyuta zinaingiliana, jirani hakosi mmoja. Badilisha waya wa picha. Jaribu soketi nyingine ya ukutani. Unganisha kompyuta ya rafiki, maana huenda mgonjwa ni kompyuta na skrini haina kosa. Kisha uzime taa ya chumba, uwashe skrini, umulike kioo kwa tochi ya simu kwa pembeni. Ukiona picha hafifu ikipita nyuma ya lile giza, jua kwamba kioo ni kizima na kilichokufa ni taa ya nyuma au umeme unaoilisha.

Katika skrini za miaka ya nyuma, ugonjwa unaozileta kwa fundi mara nyingi ni kapasita zilizovimba vichwa kwenye bodi ya umeme. Skrini inawaka sekunde mbili inazima, au inachukua dakika kadhaa kuamka asubuhi, kisha siku moja haiamki tena. Vipuri vyenyewe ni vya shilingi makumi, si maelfu, na fundi mwenye mkono mzuri wa kulehemu humaliza kazi hiyo kabla ya chakula cha mchana. Usijifungulie mwenyewe. Bodi ile huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa, na skrini za zamani zinazotumia mirija ya mwanga zina volti mamia ndani yake. Lakini kama kioo kimepasuka, au mistari ya rangi imesimama wima kutoka juu hadi chini, hapo usimpe fundi pesa. Paneli ya kioo ndiyo sehemu kubwa ya bei ya skrini nzima, na kuibadilisha ni kununua skrini ya pili bila ganda jipya. Hapo ndipo safari ya mjini inapokuwa na sababu.

Sasa niseme juu ya ukubwa, maana hapa ndipo wengi wanapopotea, na wanapotea wakiwa na furaha.

Utashuka mjini, utavuka Tom Mboya Street, utaingia Luthuli Avenue. Mtaa ule una jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1960, na tangu kaunti ilipoupanga upya mwaka 2019 magari yamebanwa njia moja na watembea kwa miguu wakapewa nafasi. Unaweza kutembea polepole ukitazama madirisha. Na kwenye madirisha hayo utaona televisheni za inchi 32, zimewashwa zote pamoja, zinaonyesha maua na samaki wa baharini kwa rangi za kuchoma. Muuzaji atakwambia, hii ina HDMI, chomeka kompyuta yako, utapata skrini na televisheni kwa bei moja. Utahesabu pesa zako na utaona zinakaribia. Mwanangu, usifanye hivyo.

Televisheni nyingi za bei nafuu za inchi 32 zina nukta 1366 kwa 768 tu. Ukizitandaza nukta hizo kwenye kioo kipana hivyo unapata karibu nukta 49 kwa kila inchi. Skrini ya ofisi ya inchi 24 yenye nukta 1920 kwa 1080 ina karibu 92 kwa inchi, na ya inchi 22 yenye nukta hizo hizo ina zaidi ya 100. Maana yake ni kwamba herufi ile ile inachorwa kwa nukta zilizo kubwa karibu maradufu kila upande. Kwa mpira wa miguu ukiwa umekaa upande wa pili wa chumba, hakuna neno. Kwa maandishi ukiwa umbali wa mkono mmoja, utaona vitobo ndani ya herufi. Tena televisheni nyingi hukata kingo za picha na kupunguza undani wa rangi, hata maandishi mekundu juu ya weupe yakawa na ukungu. Nimewaona wanaonukuu sauti wakifanya kazi kwenye vioo hivyo, na nimeona jinsi wanavyofikicha macho.

Basi kwa mfuko wako, inchi 22 hadi 24 zenye nukta 1920 kwa 1080 ndizo zinazokufaa. Ukitajiwa inchi 27 kwa nukta hizo hizo, jua kwamba herufi zitakuwa kubwa lakini legevu, karibu nukta 82 kwa inchi. Kama kazi yako ni kuandika na kusoma kurasa ndefu, ukibahatika kupata ile yenye nukta 1920 kwa 1200, ichukue. Mistari 120 ya ziada kwenda chini ni sehemu nzuri ya ukurasa ambayo hutalazimika kuisogeza kila mara. Na kama pesa ni kidogo kuliko hizo ulizonazo, usizidharau zile za inchi 19 zenye umbo karibu na mraba, nukta 1280 kwa 1024. Zimedharauliwa kwa sababu sinema huonekana na mistari myeusi juu na chini, lakini hati ya maandishi hukaa humo vizuri sana, na herufi zake ni imara kuliko za televisheni yoyote ya bei ile.

Mpya au mtumba? Kipya kinyemi, hilo halina ubishi. Lakini kwa mfuko wa shilingi 10,000 mimi nitakuelekeza kwenye mtumba wa ofisini, skrini ambazo wauzaji huziita "ex-UK". Benki, vyuo na makampuni ya Ulaya hubadilisha vifaa kwa ratiba, si kwa sababu vimeharibika, na makontena yanashuka Mombasa yakiwa na skrini ambazo zilikuwa ghali zilipokuwa mpya. Skrini mpya ya bei ya chini kabisa huwa na kioo cha chini kabisa. Ya ofisini yenye umri wa miaka 6 au 7 mara nyingi huwa na kioo kizuri zaidi, mguu wa chuma unaopanda na kushuka, na bodi ya umeme iliyotengenezwa kudumu. Faida ya mpya ni waranti na taa ya nyuma ambayo haijachoka. Kama unaweza kungoja miezi miwili uongeze pesa, ngoja, nitakupongeza. Kama kazi inakusubiri leo, nenda kwa mtumba ukiwa na macho.

Kuhusu aina ya kioo sitakuchosha. Kuna aina inayoitwa TN, rahisi na ya zamani, ambayo ukiitazama kutoka chini rangi zinageuka nyeusi na uso wa mtu unakuwa kama picha ya negativu. Kuna IPS, inayobaki ile ile ukiitazama kutoka popote. Huhitaji kuuliza mtu. Inama mbele ya skrini, itazame kutoka chini, kisha kutoka pembeni. Isipobadilika, ni nzuri. Ikibadilika sana, punguza bei au endelea kutembea. Na habari za skrini iliyopinda, au inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde, waachie wanaocheza michezo. Hazitafanya sentensi yako isomeke vizuri zaidi.

Matundu ya nyuma, haya nitayakalia, kwa sababu yamewarudisha mjini vijana wengi kwa nauli ya pili. Laptopu nyingi siku hizi zina tundu moja tu la picha, HDMI. Skrini za ofisini za miaka ya 2011 hadi 2015 mara nyingi hazina HDMI. Chukua Dell P2414H, ambayo ni skrini nzuri. Ina VGA, DVI na DisplayPort, basi. Dell U2412M, ile yenye nukta 1920 kwa 1200, nayo ni hivyo hivyo. Muuzaji atakupa waya wenye kichwa cha HDMI upande mmoja na DisplayPort upande wa pili, na atakwambia unafanya kazi. Waya huo wa bei rahisi hupitisha picha kutoka kompyuta yenye DisplayPort kwenda skrini yenye HDMI, haurudi kinyume. Ukitaka kinyume unahitaji kigeuzi chenye umeme wake, na hicho si cha bei ndogo. Njia iliyo rahisi ni waya wa HDMI kwenda DVI: zote mbili ni za kidijitali, picha inapita bila kupungua, ila sauti haifiki. Hilo la sauti lisikusumbue, kwani skrini nyingi za ofisini hazina spika kabisa na utavaa visikizi.

Atakapokupa VGA, ile yenye pini 15 na skurubu mbili, kataa kama una njia nyingine. VGA ilianzishwa mwaka 1987 kwa skrini za mirija mikubwa, inasafirisha picha kwa mawimbi, na kwenye nukta 1920 kwa 1080 herufi huanza kuwa na kivuli, hasa waya ukiwa mrefu au mbovu. Wengi wanaodhani macho yao yameharibika wanateswa na waya huo tu.

Jifunze pia kusoma namba ya mfano, maana haibadilishwi kirahisi kama maneno ya broka. Kwa Dell, herufi ya kwanza ni ngazi: E ni ya chini, P ni ya ofisi, U ni ya wanaojali rangi. Tarakimu mbili zinazofuata ni ukubwa, na mbili za baada yake ni mwaka wa toleo. Kwa hiyo P2414H ni ya inchi 24, toleo la 2014, na P2419H ni ya toleo la 2019, yenye HDMI. Ukiambiwa "hii ni ya juzi tu" nawe umeshasoma 14, hutagombana na mtu. Utataja bei inayolingana na umri wake. Nyuma ya Dell kuna pia kibandiko chenye mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Na kwenye skrini kadhaa za HP za ofisini, ukifungua menyu ukaingia sehemu ya maelezo, utakuta saa ambazo taa ya nyuma imewaka. Usomapo saa 30,000 na pembeni unaambiwa haijatumika sana, chukua mfuko wako uondoke kwa adabu.

Utatafuta wapi? Majumba ya Moi Avenue kama Bihi Towers, Revlon Plaza kule karibu na Biashara Street, na vichochoro vya Luthuli na River Road. Panda ghorofani. Maduka ya chini kabisa yanalipa kodi kubwa zaidi ya pango na hiyo kodi iko ndani ya bei yako. Lakini usimfuate mtu anayekushika mkono barabarani akikwambia ana "stoo". Mwenye duka hana haja ya kukuvuta. Huku kwetu magharibi, Westlands na Ngong Road zina maduka mazuri ya vifaa vipya. Kuna pia wakazi wa Kileleshwa, Lavington na Kilimani wanaohama nchi na kuuza vitu vyao kwa mtandao, na wakati mwingine humo mna kitu kizuri kwa bei ya haki. Kwa hao nina neno moja: usitume pesa kwa mtu ambaye hujamwona na kifaa ambacho hujakiona kikiwaka. Wala usitume "ya kushikilia". Kutaneni mchana, mahali penye soketi, hata saiba.

Ukifika dukani, usione haya. Hapa ndipo nawasihi zaidi. Tumelelewa kutomsumbua mtu, kwa hiyo kijana anawashiwa skrini kwa dakika moja, anaona picha ya mlima, analipa. Nenda na laptopu yako na waya wako. Nyumbani kabla hujatoka, hifadhi picha tano za rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu, pamoja na ukurasa wa kazi yako halisi. Zijaze kioo kizima, moja baada ya nyingine. Nyeupe itakuonyesha madoa, umanjano na vumbi lililoingia ndani. Nyeusi itakuonyesha mwanga unaovuja pembeni. Rangi tatu zitakuonyesha nukta zilizokufa. Nukta moja pembeni mwa kioo si msiba. Tatu katikati zitakukera kila siku ya maisha yake. Kisha fungua ukurasa wako wa maandishi, uweke nukta kamili za skrini ile, na usome aya nzima kwa sauti ya chini. Macho yako yatakwambia.

Punguza mwangaza hadi nusu, elekeza kamera ya simu kwenye kioo cheupe. Ukiona mistari myeusi mipana ikitembea kwenye simu, taa ya skrini hiyo inapunguzwa kwa kuwashwa na kuzimwa haraka haraka, na kuna watu ambao huumwa na kichwa kwa sababu yake. Kama wewe ni mmoja wao, achana nayo. Bonyeza kila kitufe. Pandisha na kushusha mguu. Kama haina mguu, na nyingi za mtumba huja bila mguu, tazama kama nyuma ina matundu manne yaliyopangwa kwa mraba wa milimita 100, ili uweze kuifunga kwenye mkono wa ukutani. Na gharama ya mkono huo uiondoe kwenye bei sasa hivi, kabla hujakubaliana.

Halafu iache iwake. Keti hapo dakika 20. Zungumza na muuzaji, tazama wapita njia. Hitilafu za umeme na za taa hujitokeza kifaa kikipata joto, na muuzaji mwenye kitu kizuri hatakukataza kungoja.

Sasa pesa. Lipa kwa M-Pesa kwenye namba ya till ya duka, si kwa simu ya kijana aliyekuhudumia, kwa sababu ujumbe utakaobaki kwenye simu yako utakuwa na jina la biashara, kiasi, siku na saa. Na bado dai risiti ya karatasi iliyoandikwa namba ya mfano, namba ya serial ya kifaa, na muda wa waranti kwa maneno. Mali bila daftari hupotea bila habari. Waranti ya mdomo ya miezi 3 haina uzito siku kijana yule akihamia duka jingine.

Utaona ukutani bango linalosema bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Usiliogope kupita kiasi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamfunga mfanyabiashara kuuza kitu kinachofaa kuuzwa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 haikubali masharti ya muuzaji yakuondolee kinga hiyo. Ila sheria ina upande wa pili ambao vijana hawaujui: ukikikagua kitu kabla ya kununua, kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua haitakuwa tena mzigo wa muuzaji. Ndiyo maana nakusumbua na picha tano na dakika 20. Ulichopaswa kukiona ni juu yako. Kilichojificha ndani kikajitokeza wiki ijayo ni juu yake.

Na muuzaji akikataa? Mrudie kwa upole mara ya kwanza, na ya pili kwa barua fupi yenye nakala ya risiti. Akishikilia, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kufunguliwa Milimani Aprili 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na huhitaji wakili kusimama mbele yake. Pesa yako ya skrini ni ndogo kwa wengine, lakini mahakama hiyo iliwekwa kwa ajili ya pesa za namna hiyo hiyo. Nimewasikia wengi wakisema "wacha tu, Mungu ataona". Mungu anaona, na risiti nayo iwepo.

Kusafirisha sitasema mengi. Ng'oa mguu, funika kioo kwa blanketi au fulana nzito, kisha kikumbatie kikiwa kimeelekea kifuani mwako, usikiegemeze popote kwa kioo. Ondoka mjini kabla ya saa kumi, kabla matatu za Waiyaki Way na Ngong Road hazijaanza kugombaniwa. Usiipandishe boda mvua ikinyesha.

Nyumbani, usiiweke dirisha likiwa nyuma yake wala nyuma yako. Dirisha liwe ubavuni. Ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na macho au chini kidogo, na umbali uwe wa mkono ulionyooshwa. Shusha mwangaza mpaka karatasi nyeupe uliyoishika kando ya skrini ifanane nayo, maana wengi wanaiacha kwenye asilimia 100 kama ilivyotoka dukani na wanakaa wakimulikwa usoni usiku kucha. Kwa tokeni usihofu sana: skrini ya LED ya inchi 22 au 24 inakula karibu wati 20, kwa saa 8 kila siku ni kama yuniti 5 kwa mwezi. Zile za mirija ya mwanga, za kabla ya 2010 hivi, hula karibu mara mbili. Stima ikipotea, zima soketi ukutani na usiiwashe mara tu taa zinaporudi. Ngoja dakika chache umeme utulie. Skrini nyingi hazifi kwa sababu stima ilikatika. Zinakufa kwa kishindo cha kurudi kwake.

Linabaki jambo moja, na nisingependa ulipuuze kwa kuwa umeshapata mpya. Ile iliyokufa usiitupe kwenye shimo la takataka la ploti, wala usimpe kijana wa vyuma aivunje uani mahali watoto wanapocheza. Mirija ya mwanga katika skrini bapa za zamani ina zebaki, na zile kubwa za vioo vizito zina risasi ndani ya kioo chenyewe. Ikivunjwa na kuchomwa kwa ajili ya shaba, uchafu huo unaingia kwenye udongo na pumzi za watu wetu, na mwishowe mabaki yake hufika jaa la Dandora, kwa watu ambao hawajawahi kuitumia. Mpe fundi mwenye karakana atoe vipuri kwa mkono, au uulize mahali pa kuwapelekea WEEE Centre, kituo kilichozaliwa na shirika la Computers for Schools Kenya na ambacho kazi yake ni kuvunja vifaa vya umeme kwa usalama. Kiko mbali na kwetu, upande wa Embakasi, najua. Basi kusanyeni ploti nzima skrini zenu zilizokufa, changeni nauli ya gari moja, na mzipeleke mwezi huu.